Mtoto Anayelia Sana kwa Mlezi wa Nyumbani: Mzazi Analipia Nini?

Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya wazazi na walezi wa watoto wadogo. Tunayachapisha hapa kwa faida ya wasomaji wote.



Huenda baadhi yenu mnajiuliza kwa nini ofisi yenye jukumu la kumlinda mlaji, ambayo mmezoea kuisikia ikinena juu ya mizani iliyochezewa, bidhaa bandia na tarehe za mwisho wa matumizi, leo inasimama kuzungumzia kilio cha mtoto mchanga. Jibu ni jepesi. Mzazi anapompeleka mtoto wake asubuhi kwa mama wa mtaani anayelea watoto nyumbani kwake, akamlipa kwa siku, kwa juma au kwa mwezi, hapo pana mnunuzi, pana muuzaji, pana huduma na pana bei. Ni biashara kama zilivyo biashara nyingine, ila inazipita nyingi kwa uzito, kwa kuwa yule anayeitumia huduma yenyewe hajui kusema. Kitambaa kikichuja rangi utakiona. Unga ukiwa na mchanga utauhisi kwenye meno. Lakini mtoto wa miezi 3 hawezi kukusimulia jioni jinsi alivyoshinda.

Katika watoto wote wanaolelewa kwa namna hii, tumechagua kumzungumzia mmoja: yule anayelia sana. Ni mtoto anayeamka kwa mlio wa kijiko, anayekataa kulazwa, anayetaka mikono ya mtu kutwa nzima, na ambaye kila akibadilishiwa mahali huanza upya. Mtoto huyu ndiye anayekataliwa na mlezi wa kwanza na wa pili. Ndiye mzazi anayeona haya kumweleza alivyo. Na ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi pale watu wazima wanapochoka.

Neno letu la leo ni moja. Mzazi halipii kimya. Analipia mikono, macho na subira. Anayenunua kimya atauziwa kimya, na kimya cha mtoto mchanga kina njia nyingi za kupatikana, nyingine zikiwa za hatari.

Kilio kina majira yake

Kwanza tukijue kilio chenyewe. Mwaka 1962 daktari wa watoto wa Marekani, T. Berry Brazelton, alichapisha matokeo ya kumbukumbu zilizowekwa na akina mama juu ya kilio cha watoto wao wachanga waliokuwa wazima wa afya. Ilionekana kwamba kilio huongezeka tangu juma la pili au la tatu baada ya kuzaliwa, hufika kileleni karibu na juma la 6, ambapo mtoto wa kawaida alilia karibu saa 3 kwa siku, hasa jioni, kisha hupungua kidogo kidogo hata kufikia mwezi wa tatu au wa nne. Watafiti waliofuata katika nchi mbalimbali wamelikuta umbo hilohilo la kilima.

Sasa tulilinganishe hilo na maisha yetu. Katika desturi za wengi wetu, mama aliyejifungua hukaa ndani mpaka arobaini iishe. Yule asiye na mwajiri, yaani mama lishe, muuza samaki, mshona nguo, fundi wa nywele, mara nyingi hurudi kwenye shughuli zake mara baada ya siku hizo 40, kwa maana jiko halingoji. Siku 40 ni karibu juma la 6. Maana yake ni kwamba mama huyu anamkabidhi mtoto kwa mlezi mgeni katika majuma yaleyale ambayo kilio kiko juu kabisa. Mwajiriwa ambaye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, humpeleka mtoto katika juma la 12 au baadaye, wakati watoto wengi wameanza kutulia.

Basi mzazi anayerudi kazini mapema asidhani kwamba mlezi ameshindwa kazi, wala mlezi asidhani kwamba ameletewa mtoto mwenye kasoro. Wamekutana kileleni mwa kilima. Ikiwa nyumbani yuko bibi, shangazi au dada awezaye kukaa na mtoto kwa majuma manne au matano zaidi, majuma hayo yana thamani kubwa kuliko mengine yoyote. Ikiwa hayupo, basi mkataba na mlezi ufanywe kwa kulijua jambo hilo.

Wapo pia watoto ambao kilio chao kinazidi kiwango hicho. Tangu mwaka 1954 madaktari wamekuwa wakitumia kipimo cha tatu tatu: mtoto mzima wa afya, anyonyaye vizuri, anayelia zaidi ya saa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa juma, kwa zaidi ya majuma 3, huhesabiwa kuwa na kile ambacho sisi huita chango au msokoto wa tumbo. Na wako wengine ambao si tumbo linalowasumbua, bali ndiyo tabia waliyozaliwa nayo. Alexander Thomas na Stella Chess, walioanza mwaka 1956 kufuatilia makuzi ya watoto huko New York, waliona kwamba takriban mtoto 1 kati ya 10 alikuwa mgumu kuzoea mambo mapya, mwenye hisia kali, asiye na saa maalumu za kula na kulala. Hawakulelewa vibaya, walikuja hivyo. Walichosisitiza watafiti hao ni kwamba hali ya baadaye ya mtoto wa namna hiyo hutegemea sana jinsi watu wanaomlea wanavyopatana na tabia yake.

Hapa wengi watatukumbusha wahenga: mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo ni ya kweli mahali pake. Inamhusu mtoto aliyekwisha kuwa na akili ya kutaka, kukatazwa na kuelewa, ambaye mzazi anaogopa kumrudi. Mtoto wa miezi 2 hana hila. Halii ili amshinde mtu. Analia kwa sababu hana lugha nyingine ya kusema ana njaa, joto, usingizi, nepi iliyolowa, upweke, au mchoko wa kelele. Kumwitikia hakumdekezi.

Desturi yetu ya mbeleko, inayoonekana kwa wengine kuwa ya kizamani, imepewa heshima yake na wataalamu. Mwaka 1986 watafiti wawili wa Montreal, Hunziker na Barr, waliwaomba wazazi wa kundi moja wawabebe watoto wao kwa saa zaidi kila siku, hata kama hawalii. Katika juma la 6, watoto hao walilia pungufu kwa asilimia 43 kuliko wenzao. Utafiti wa baadaye haukuona nafuu hiyo kwa watoto ambao tayari walikuwa na chango, kwa hiyo mbeleko si dawa. Hata hivyo, yatosha kutufundisha kwamba mlezi mwenye kanga mgongoni hana ushamba wowote. Anafanya kazi anayolipwa.

Kimya cha kununuliwa

Sasa tuje kwenye jambo linalotuleta hapa. Mlezi mmoja ana watoto 6. Mmoja wao analia saa 3 katika siku ya saa 10. Ikiwa atambeba kwa saa hizo zote, wale 5 watapata sehemu ya saa 7 zilizobaki, na ndani yake kuna kupika, kufua nepi na kufagia. Mzazi akifika jioni husikia sentensi moja: leo amelia sana. Akiisikia mara tano, huanza kununa. Mlezi akiona amenuniwa, naye huanza kutafuta njia ya kumnyamazisha mtoto. Hapo ndipo soko la kimya linapofunguliwa, bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya mwanzoni.

Njia ya kwanza ni dawa. Zipo dawa za maji za mafua, kikohozi na mzio ambazo humletea mtumiaji usingizi, nazo hununuliwa dukani kwa bei ndogo. Kijiko kimoja, na mtoto analala mpaka alasiri. Usingizi huo si usingizi. Ni sumu ndogo. Dawa hizo zaweza kuvuruga pumzi na mapigo ya moyo ya mtoto mchanga. Mwaka 2008 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya wazazi wasiwape watoto walio chini ya miaka 2 dawa za mafua na kikohozi zinazouzwa bila cheti cha daktari. Msidhani pia kwamba kila kinachoitwa dawa ya chango ni salama kwa kuwa ni cha zamani. Maji ya chango yaliyobuniwa Uingereza katikati ya karne ya 19 yalikuwa na kileo ndani yake kwa miaka mingi. Kwa hiyo soma kibandiko, na kanuni iwe hii: mlezi hampi mtoto dawa yoyote, ya dukani wala ya mizizi, ila ile iliyoandikwa na mganga wa kituo cha afya na kukabidhiwa na mzazi mwenyewe pamoja na kipimo chake.

Njia ya pili ni kumjaza. Mtoto aliye chini ya miezi 6 hupewa uji mzito, maji ya sukari au asali ili ashibe alale. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee mpaka atimize miezi 6, bila hata maji. Asali haifai kabisa kwa mtoto aliye chini ya mwaka 1, kwa kuwa yaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli yake, ikiwemo ile ya kupumulia.

Njia ya tatu ni kumlaza kifudifudi, kumfunika gubigubi, au kumfungia chumba cha peke yake ili kelele zisisikike. Mtoto mchanga alazwe chali, juu ya godoro gumu lililo tambarare, bila mito wala nguo nzito karibu na uso, mahali ambapo mtu mzima anamwona.

Njia ya nne ndiyo ya kutisha kuliko zote, nayo hutendeka kwa sekunde chache: kumtikisa. Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito, na shingo yake haijapata nguvu. Akitikiswa kwa hasira, ubongo hugonga ndani ya fuvu, mishipa midogo hupasuka, na mtoto hunyamaza. Watu hudhani ametulia, kumbe ameumia. Anaweza kupofuka, kulemaa au kufa. Aliyemtikisa mara nyingi hakuwa mtu katili. Alikuwa mtu aliyechoka, peke yake, asiye na wa kumpokea.

Kwa sababu hiyo tunawaambia walezi, na wazazi vilevile, jambo ambalo huenda likawashangaza. Ukihisi hasira inapanda kooni, mlaze mtoto chali mahali salama, toka nje ya chumba, pumua, nawa uso, muite jirani, kisha rudi baada ya dakika 5 au 10. Mtoto hafi kwa kulia dakika 10. Mlezi anayemweleza mzazi jioni, leo nililemewa nikamlaza nikatoka kidogo, huyo ni mlezi wa kuaminiwa, naye hastahili kukemewa.

Mzazi aangalie dalili. Mtoto aliyekuwa akilia sana na ghafla akawa kimya juma zima. Anayekutwa amelala fofofo kila jioni na ni vigumu kumwamsha. Anayelegea, asiyenyonya kama kawaida, ambaye nepi zake zimepungua kulowa. Mwenye michubuko isiyo na maelezo: huyo ni wa kupelekwa kituo cha afya kabla ya mambo mengine. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kabla ya kumkabidhi

Kikwazo kikubwa katika mapatano haya ni kuoneana muhali. Mlezi ni jirani, mtoto atamwita bibi au mama mkubwa, tumekutana naye msibani na harusini. Tutaanzaje kumhoji kama karani wa mahakama? Lakini muhali wa asubuhi moja huleta ugomvi wa miaka. Swali likiulizwa kwa adabu halivunji ujirani.

Muulize kwanza idadi. Ana watoto wangapi kwa siku, na wangapi kati yao hawajaanza kutembea? Yupo mtu mzima mwingine anayemsaidia, au binti wa shule anayerudi saa 8 mchana? Kwa kulinganisha, katika England mlezi wa nyumbani anayefanya kazi peke yake kwa kawaida haruhusiwi kuwa na zaidi ya mtoto 1 ambaye hajatimiza mwaka. Hatusemi kwamba hali ya mitaa yetu inafanana na ya kwao, ila hesabu hiyo inaonyesha jinsi mtoto mchanga anavyohesabiwa kuwa kazi ya mikono miwili. Mlezi mwenye watoto wachanga 4 peke yake, hata awe na moyo wa dhahabu, hana mikono 8.

Muulize kama amesajiliwa. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo vya kulelea watoto wadogo mchana visajiliwe, na Zanzibar ina Sheria yake ya Mtoto ya mwaka 2011. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ndiye wa kumwendea, mzazi kwa kuuliza na mlezi kwa kuelekezwa. Walezi wengi hawajajisajili kwa kudhani kwamba usajili ni wa majengo makubwa yenye bembea na rangi ukutani. Waende wakaulize, cheti humlinda mlezi pia, siku atakapotuhumiwa.

Kisha uliza swali ambalo kwa maoni yetu lina uzito kuliko yote: mtoto akilia saa nzima, umempa maziwa, umembadilisha, umembeba, na bado analia, unafanya nini? Sikiliza jibu lenyewe, na pia namna linavyotolewa. Anayesema, kwangu watoto hawalii, amekujibu vibaya, kwa kuwa watoto hulia kila mahali. Anayesema, namfunga mgongoni naendelea na kazi, au namtoa nje apate hewa, au nakupigia simu, au namwita mwenzangu anipokee, huyo amekwisha kuwaza.

Haki haiko upande mmoja. Mzazi anadaiwa ukweli. Usimfiche mlezi kwamba mtoto analia sana ukitumaini atazoea hukohuko. Mwambie analia saa ngapi, nini humtuliza, wimbo gani, kubebwa vipi, analala baada ya muda gani, anachukia nini. Mlezi aliyeambiwa hujiandaa; aliyefichwa huona amedanganywa, na hasira ya kudanganywa humwangukia asiyekuwa na kosa.

Mapatano na bei

Je, mlezi ana haki ya kudai zaidi kwa mtoto mwenye mahitaji zaidi? Tunaona anayo, kwa masharti mawili. Kwanza, aseme kabla ya kupokea mtoto, si katikati ya mwezi. Pili, nyongeza hiyo inunue kitu kinachoonekana: kupunguza mtoto mmoja katika idadi yake, au kumlipa msaidizi kwa saa za alasiri ambapo kilio huzidi. Nyongeza isiyobadilisha chochote ni faini anayotozwa mtoto kwa kulia.

Mapatano yaandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja wa daftari uliotiwa saini na pande mbili mbele ya shahidi. Yataje saa ya kuleta na ya kuchukua, na malipo ya kuchelewa. Ada na siku ya kulipa. Nani analeta maziwa, nepi na chandarua. Siku ambazo mtoto ni mgonjwa au mlezi ni mgonjwa, zinalipwa au hazilipwi. Nani anaruhusiwa kuja kumchukua mtoto. Na kwamba mzazi aweza kufika saa yoyote bila kuaga. Mlezi anayekataa sharti hili la mwisho amekupa jibu, na tunakushauri umshukuru ukatafute mwingine.

Kwa mtoto anayelia sana ongeza kipengele cha majuma 2 ya majaribio. Katika muda huo lipa kwa siku au kwa juma, usilipe mwezi mzima mbele. Yeyote kati yenu akiona haiwezekani, mnaachana kwa heri, na fedha ya siku zisizotumika inarudishwa. Baada ya hapo, atakayetaka kuvunja mapatano atoe taarifa ya majuma 2, ili mtoto asirudishwe mlangoni Jumatatu asubuhi mama akiwa na mkoba wa kazini begani.

Majuma ya kuzoea

Mtoto mgumu hukabidhiwa polepole. Siku mbili za kwanza kaa naye hapo kwa saa moja, mlezi ambebe wewe ukiwepo. Siku zinazofuata ondoka kwa saa moja, kisha mbili, kisha nusu ya siku. Mwachie mlezi kanga uliyoivaa usiku, kwa kuwa mtoto hukutambua kwa harufu kabla ya mengi mengine. Tumieni wimbo mmoja wa kubembelezea na namna moja ya kumlaza nyumbani na kwa mlezi. Jirani anayemjua mtoto apishane na mlezi kwa nusu saa ya alasiri, na siku hiyo itakuwa na ahueni.

Suala la maziwa lisiachwe. Sheria ya ajira tuliyoitaja inamtaka mwajiri amruhusu mama anyonyeshe katika saa za kazi, hadi jumla ya saa 2 kwa siku. Ikiwa mlezi yuko karibu na kazini, haki hiyo itumike. Kunyonya mara moja mchana humtuliza mtoto kuliko mbinu nyingine nyingi. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa mpaka saa 4 mahali penye joto lisilozidi nyuzi 25, na mpaka siku 4 ndani ya jokofu. Katika joto la Dar es Salaam au Tanga, ambapo nyuzi 30 ni jambo la kawaida, saa hizo hupungua, kwa hiyo yapelekwe ndani ya chombo chenye barafu. Mtoto alishwe kwa kikombe kisafi kilicho wazi, ambacho ni rahisi kuoshwa kuliko chupa, kisha abebwe wima mpaka acheue.

Mwisho wa yote, liwepo daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mtoto ni zaidi ya mali. Mlezi aandike, au aseme mzazi aandike jioni: amenyonya mara ngapi, nepi ngapi zimelowa, amelala saa ngapi mpaka saa ngapi, amelia lini na kwa muda gani, nini kilimtuliza. Baada ya siku 10 daftari huanza kusema. Huenda likaonyesha kwamba kilio huanza saa 9 alasiri kila siku, baada ya usingizi mfupi. Au kila baada ya kulishwa upesi. Au siku ambazo redio ya jirani iko juu. Penye maandishi mzazi na mlezi hukaa upande mmoja wa meza, wakilitazama jambo badala ya kutazamana.

Kilio kisichongoja

Kipo kilio ambacho si cha tabia. Mtoto akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akiwa na homa, akipumua kwa shida au haraka isivyo kawaida, akilegea, au kilio chake kikigeuka kuwa chembamba na kikali kisicho chake, apelekwe kituo cha afya mara moja, usiku au mchana. Mkataba useme wazi kwamba mlezi ana ruhusa ya kumpeleka kabla mzazi hajafika, na nauli itarudishwa bila maneno.

Kukitokea mgogoro wa fedha, anzeni kwa mazungumzo mkiwa na ule ukurasa wenu uliotiwa saini, kisha serikali ya mtaa au ya kijiji. Kukiwa na dalili kwamba mtoto ameumizwa, amelishwa dawa au ametelekezwa, usianze kwa mazungumzo. Piga simu namba 116, ambayo ni huduma ya simu kwa mtoto, au nenda kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi.

Ndugu wazazi na walezi, wazee walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Kazi hiyo leo inagawanywa kati ya nyumba mbili na kulipiwa fedha, na hakuna aibu katika hilo. Jioni mnapokutana mlangoni, mzazi asiulize tu kama mtoto amelia. Aulize: alipolia, ulifanyaje? Na mlezi ajibu bila hofu. Hilo ndilo jibu mnalolilipia.